Kijiko cha mafuta na kituo kimoja cha daladala: maswali yenu kuhusu uzito

Safari hii maswali ya uzito yamefunika mengine yote. Wengi mnaniuliza dawa, juisi au mkanda wa kuvaa tumboni. Majibu yangu karibu yote yatarudi jikoni kwako na kwenye njia unayopita kila siku, kwa sababu huko ndiko nilikoona watu wakipungua na wasirudie uzito wao wa zamani.

Nina miaka 38, nauza vitenge sokoni Mbagala. Nakula mara moja tu kwa siku, usiku, na bado nina kilo 96. Wenzangu wanakula mara tatu na hawanenepi. Mwili wangu una tatizo gani?

Dada yangu, pole kwa kushinda na njaa huku umesimama juani. Kabla ya kuulaumu mwili wako, nikuombe jambo moja: kwa siku tatu, andika nyuma ya daftari la mauzo kila kinachopita mdomoni, chai ikiwemo.

Nakwambia hivi kwa sababu ya jirani yangu aliyekuwa na malalamiko kama yako. Jioni moja nilikaa naye jikoni akiunga mchicha wa watu wanne. Alishika kidumu cha mafuta akamimina kwa mkono uliozoea, bila kuangalia, mpaka vitunguu vikaelea. Nikamwomba amimine tena vilevile, lakini kwenye kikombe, kisha tukapima kwa kijiko cha chakula. Vilitoka vijiko tisa. Kijiko kimoja cha mafuta, yawe ya alizeti au ya mawese, kina kalori kama 120. Vijiko tisa vinapita 1,000, yaani kila mlaji alipata kalori kama 270 za mafuta kwenye mboga peke yake, kabla hata hajagusa wali wa nazi. Jirani yangu alikiangalia kile kikombe kwa muda mrefu. Alikuwa amepika hivyo kwa miaka 20, kama alivyofundishwa na mama yake.

Tukahesabu na mchana wake: vikombe vitatu vya chai ya maziwa, kila kimoja vijiko vinne vya sukari, na maandazi mawili. Yeye alikuwa haviiti chakula, aliviita kuzugia tumbo.

Sasa turudi kwako. Anayeshinda na njaa kutwa hujipakulia mlima usiku, na si tamaa, ni mwili unadai haki yake. Kula asubuhi: yai la kuchemsha, kiazi kitamu au muhogo wa kuchemsha, chai ya kijiko kimoja. Mchana nunua kwa mama ntilie maharage au samaki, mboga za majani nyingi, na umwambie apunguze wali. Usiku, kwa sufuria ya watu wanne, pima vijiko viwili vya mafuta. Kaanga kitunguu na nyanya kwa moto mdogo, funika, ongeza maji kidogo vikianza kushika. Mboga itaiva na ladha itakuwepo. Ukifanya hivi miezi miwili bila mabadiliko, na ukawa unasikia baridi isivyo kawaida, uchovu usioisha, au hedhi imebadilika, nenda hospitali wakupime homoni za tezi ya shingo.

Mimi ni mtumishi wa ofisini, Dodoma. Natoka nyumbani saa 12 asubuhi, narudi saa 1 usiku. Jimu sina muda wala hela. Nifanyeje?

Kaka, jimu ni nzuri lakini hulazimiki kuwa nayo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya kadiri. Ukizigawa kwa siku tano ni nusu saa kwa siku, na hiyo nusu saa unaweza kuikatakata. Asubuhi shuka kituo kimoja kabla ya ofisi, utembee kilichobaki. Jioni panda gari kituo cha mbele. Ofisi ikiwa ghorofa ya tatu, acha lifti.

Kipimo cha mwendo ni pumzi yako: uweze kuongea na mwenzako, lakini usiweze kuimba. Ukiweza kuimba, unatembea kama uko harusini. Pia siku mbili kwa wiki fanya mazoezi ya nguvu nyumbani: kuchuchumaa na kusimama mara 15, pushapu kwa kuegemea ukuta au meza mpaka zile za chini ziwezekane, kisha rudia mara tatu. Misuli watu wengi wanaisahau, nami naona hilo ni kosa kubwa. Ukipungua bila kuitumia, sehemu ya kilo unazopoteza ni misuli yenyewe, na hiyo ndiyo itakayokubeba uzeeni.

Naendesha bodaboda, miaka 27. Kitambi kimeanza. Zoezi gani linaondoa tumbo tu?

Mdogo wangu, hakuna. Ukifanya sit-apu 200 kila siku, misuli ya tumbo itakuwa imara, lakini mafuta yaliyo juu yake hayaondoki kwa sababu umeyakandamiza. Mwili huchota mafuta kila mahali kwa mpangilio wake wenyewe, na tumbo hupungua pamoja na sehemu nyingine.

Niangalie kijiwe chako. Unakaa kwenye pikipiki kwa muda wa saa 10 kwa siku, hivyo miguu haifanyi kazi. Mchana ni chipsi mayai, na kwenye joto ni soda. Chupa ya mililita 350 ina sukari inayokaribia vijiko tisa vya chai, takriban kalori 150. Kutembea haraka kwa nusu saa, kwa mtu wa kilo 70, hutumia karibu kiasi hichohicho. Kwa hiyo ukinywa soda mbili kwa siku, itabidi utembee saa nzima ili kurudi ulipoanza. Ni rahisi zaidi kubeba chupa ya maji kwenye boda. Chipsi usile kila siku. Badilisha na ugali, dagaa na matembele, au ndizi za kuchemsha na maharage. Ukiwa unasubiri abiria, shuka kwenye chombo, tembea hata kuzunguka kijiwe. Na huko Dar, kuanzia Temeke mpaka Kinondoni, vikundi vya jogging vimejaa, Jumamosi alfajiri unavisikia vikipita na nyimbo zao. Jiunge na kimoja. Alfajiri ya kwanza utaachwa nyuma; kaa nao tu, wengi wao walianza hivyohivyo.

Maji ya moto, ndimu na tangawizi asubuhi yanayeyusha mafuta?

Hapana. Ni kinywaji kizuri, na ukikinywa badala ya chai ya vijiko vinne vya sukari umejisaidia, lakini ni kwa sababu ya ile sukari uliyoiacha. Chai za kuharisha zinazouzwa mitandaoni usiziguse: kinachotoka ni maji na chumvi za mwili, mzani unashuka siku mbili kisha unarudi. Ni vilevile kujifunga nailoni tumboni ukikimbia. Jasho ni maji.

Tangu mwanzo wa mwaka nimepungua kilo 9 kwa kutembea na kuacha soda. Badala ya kupongezwa naulizwa kama naumwa. Shangazi wa mume wangu alisema msibani, mbele za watu, kwamba nimekwisha. Nimeanza kutamani kurudia ulaji wangu wa zamani.

Usirudie, mama. Nimeisoma barua yako mara tatu, na nadhani ni wengi watakaojiona ndani yake.

Kwetu mtu akinenepa anaambiwa amenawiri, maisha yamemkubali, mume anamtunza. Akipungua, watu wanashusha sauti. Hofu hiyo haikutoka hewani. UKIMWI ulionekana nchini kwa mara ya kwanza mkoani Kagera mwaka 1983, na dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure mwaka 2004. Katika miaka hiyo 20, kukonda ndiyo ilikuwa habari yenyewe. Familia zilimwangalia ndugu akipungua kila mwezi zikijua mwisho wake. Shangazi yako huenda amezika watu kwa namna hiyo. Alichokisema kimekuumiza na hakupaswa kukisema msibani, lakini huenda ndani yake kuna woga kuliko ubaya.

Ningekuwa wewe ningemwendea nyumbani kwake, si kwa simu. Umsalimie, ukae, umwambie: shangazi, siumwi, nimeamua kupungua kwa sababu presha ipo kwenye ukoo wetu. Kisha umwombe muongozane kituo cha afya mkapime presha na sukari nyote wawili. Akiona namba zako ni nzuri, huyo ndiye atakayekutetea kwenye msiba unaofuata.

Niseme pia upande wa pili, maana si kila kupungua ni kwa heri. Ukipungua bila kupanga, au ukawa na kikohozi cha wiki mbili na zaidi, homa, jasho jingi usiku, kiu isiyoisha na kukojoa mara kwa mara, nenda hospitali mapema. Lakini wewe unajua kilo zako 9 zilikoenda: umezitembelea, na soda umeiacha dukani.

Shikamoo ni yako mwanangu. Nina miaka 63, kisukari mwaka wa nane, magoti yanauma. Daktari amesema nipunguze uzito. Kwa magoti haya nitafanya zoezi gani?

Marahaba sana mzee wangu, ingawa shikamoo ilikuwa inanihusu mimi kuitoa. Shikamoo.

Magoti ni sababu ya kuanza taratibu, si ya kuacha. Kila kilo moja unayopunguza hulipunguzia goti mzigo wa takriban kilo nne kwa kila hatua. Ukipungua kilo tano tu, goti linasikia kama umetua gunia dogo.

Anza na kiti. Kaa kwenye kiti imara kisicho na magurudumu, mikono kifuani, simama polepole, kaa polepole. Mara tano asubuhi, mara tano jioni. Ukishindwa, shika meza. Wiki inayofuata ongeza mbili. Misuli ya mapaja ikipata nguvu, goti hupata msaidizi. Kutembea iwe kwenye njia tambarare, dakika kumi baada ya chakula, maana huo ndio wakati sukari inapanda na miguu ikifanya kazi inaitumia.

Kwa kisukari nakuomba uzingatie mambo haya kwa dhati. Kama unatumia insulini au vidonge kama glibenklamaidi, usipunguze chakula wala kuongeza mazoezi kabla ya kuongea na daktari wako, kwani sukari inaweza kushuka ghafla na huenda dozi ikahitaji kubadilishwa. Tembea na pipi au sukari mfukoni; ukianza kutetemeka, kutoka jasho la baridi au kuchanganyikiwa, kaa chini na uile mara moja. Vaa raba za kufunika, usitembee na kandambili, na kila jioni mwambie mjukuu akuangalie nyayo na katikati ya vidole kama kuna kidonda. Kifua kikibana, simama, omba msaada.

Ugali wa dona haunenepeshi, kweli?

Dona ni bora kuliko sembe kwa sababu ina makapi na virutubisho zaidi, na inakaa tumboni muda mrefu. Lakini kalori zake zinakaribiana na za sembe. Bonge la dona ni bonge. Ukubwa wa ngumi yako unatosha, sahani iliyobaki ijaze mboga na kitoweo. Na kula usiku si dhambi. Tatizo ni kiasi.

Mimi ni wa Tanga. Kila Ramadhani nafunga siku zote na namaliza mwezi nimeongezeka kilo tatu. Nakosea wapi?

Ndugu yangu, angalia sinia la futari: mihogo ya nazi, tambi za sukari, kaimati zilizochovywa kwenye shira, sambusa, uji wa sukari, juisi ya ukwaju yenye sukari, halafu baada ya tarawehe kinakuja daku cha wali. Kila kimoja kina mafuta, nazi au sukari, na vyote vinaingia ndani ya saa chache huku mchana umelala kwa uchovu.

Sikwambii uvunje futari ya kwenu. Fungua kwa tende tatu na maji, uswali, ndipo ukae kwenye sinia. Chagua kimoja cha nazi na kimoja cha kukaanga kwa siku, si vyote. Supu ya samaki au maharage iwe mwanzo, maana inashibisha. Juisi iwe tunda lenyewe. Daku kisilaliwe: maharage, mayai, viazi vitamu, maji ya kutosha. Na kama msikiti uko karibu, nenda kwa miguu tarawehe na urudi kwa miguu. Kwa mwezi mzima hizo ni safari 60.

Nipime uzito mara ngapi? Mimi napanda mzani kila asubuhi na nakata tamaa.

Mara moja kwa wiki: siku ileile, asubuhi, ukishatoka msalani, kabla ya chai, mzani uleule. Uzito hupanda na kushuka kilo moja au mbili kwa sababu ya maji, chumvi au hedhi, na hayo si mafuta. Nusu kilo kwa wiki inatosha kabisa. Chukua pia futi ya fundi cherehani, zungusha kiunoni katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, uandike. Mwanamke akipita sentimita 88, mwanaume 102, hatari ya kisukari na moyo imepanda sana. Kuna wiki mzani hautasogea na futi itasogea. Iandike hiyo nayo.