Wasomaji Wanauliza: Kufunga Vielelezo na Kuandika Lebo Zake

Mwezi huu tumeweka kando maswali mengine ili kujibu barua zilizotoka Kigoma na Tabora, mikoa ambayo kielelezo cha jinai mara nyingi husafiri siku nzima au zaidi, kwa gari au kwa treni ya Reli ya Kati, kabla ya kufika mezani kwa mchunguzi. Katika safari ya namna hiyo, kifungashio kibaya huharibu zaidi ya wanavyoweza kuharibu watu, na anayelaumiwa kwa kawaida ni yule wa mwisho kukishika.

*Ndugu Mhariri, mtu mmoja alikatwa panga usiku kijijini kwetu. Mgambo walikusanya shati na kanga zenye damu, wakazitia pamoja katika mfuko wa nailoni ili zisilowe mvua. Polisi walipofika kesho yake mchana, nguo zilikuwa zimeanza kunuka. Tuliambiwa tumeharibu ushahidi, ila hatukuambiwa tungefanya nini. — Mtendaji wa kijiji, Wilaya ya Kasulu*

Ndugu Mtendaji, mgambo wako walikuwa na nia njema, na hofu yao ya mvua ilikuwa na msingi. Tatizo ni kwamba nguo mbichi ikifungiwa ndani ya nailoni hutoa jasho, na kwa joto la mchana bakteria na kuvu huanza kula kile hasa ambacho mchunguzi angekitafuta, yaani vinasaba (DNA). Mfuko uliozuia maji yasiingie ndio huohuo uliozuia unyevu usitoke.

Jambo la kwanza ni kutogusa. Kama askari wanaweza kufika, kazi ya kijiji ni kulinda eneo, kuzuia watu wasipite na kuandika majina ya waliokwisha kupita. Nguo iondolewe pale tu inapoonekana wazi kwamba ikibaki itapotea, kwa mfano mvua inapoanza kunyesha na hakuna cha kuifunika. Hapo aingie mtu mmoja mwenye glovu safi, na kabla hajainama apige picha hata kwa simu ya kawaida, ili ijulikane kitu kilikuwa wapi na kimelala vipi.

Nguo iliyolowa hukaushwa kwanza, ndipo ikafungwa. Itundikwe ndani ya chumba kinachofungwa kwa ufunguo, kivulini, penye hewa inayopita, na chini yake itandikwe karatasi safi ya kudaka nywele, udongo au nyuzi zitakazodondoka. Karatasi hiyo nayo hukunjwa na kuwa kielelezo chenye namba yake. Isianikwe juani, kwa sababu mwanga mkali wa jua huharibu vinasaba, wala isisogezwe karibu na jiko. Ikikauka, iwekwe katika mfuko mpya wa kaki ambao haujawahi kubeba kitu kingine. Mahali inapolazimika kukunjwa, pawekwe karatasi safi kati ya mkunjo na mkunjo, ili doa la mgongoni lisihamie kifuani, na mkunjo usipite juu ya doa lenyewe. Mchunguzi husoma pia umbo la doa, kama damu ilirushwa, ilidondoka au ilifutwa, na mkunjo mmoja mbaya unatosha kufuta habari hiyo.

Ikiwa hamuwezi kuikausha na gari la polisi liko njiani, ifungeni katika karatasi mbili au tatu na kuikabidhi siku hiyohiyo, mkimweleza anayepokea kwamba bado ni mbichi. Nailoni hutumika kwa saa chache tu, kuzuia damu isichuruzike garini, na mdomo wa mfuko huachwa wazi.

Liko kosa lingine katika barua yako, nalo kwa maoni yangu ni kubwa kuliko la nailoni: shati na kanga zilitiwa mfuko mmoja. Kama shati ni la mtuhumiwa na kanga ni ya majeruhi, basi tangu dakika ile damu ya mmoja kuonekana kwenye nguo ya mwingine haithibitishi lolote, na wakili yeyote atakayesimama upande wa utetezi ataliuliza swali hilo kwanza. Kila kitu kiwe na mfuko wake. Nguo za mtuhumiwa na za majeruhi zisikaushwe katika chumba kimoja, na ikiwezekana zisishikwe na mtu mmoja. Ikishindikana, abadilishe glovu na kunawa.

*Ndugu Mhariri, mimi ni askari wa zimamoto Tabora. Duka liliungua na tulihisi harufu ya petroli. Tulichukua udongo na vipande vya mbao vilivyoungua, tukavitia katika bahasha za kaki kama tunavyofundishwa kwamba karatasi ndiyo salama. Zilipofunguliwa baada ya siku kadhaa, hakukuwa na harufu yoyote. Karatasi imetusaliti?*

Karatasi ilifanya kazi yake ya kupitisha hewa, na petroli ikatoka na hewa hiyo. Ndiyo maana hupenda kuwaambia wanaoanza kazi hii wasikariri kwamba karatasi ni nzuri na plastiki ni mbaya, ila wajiulize kielelezo kilicho mbele yao hufa kwa njia gani. Damu huoza, kwa hiyo inahitaji kupumua. Petroli, mafuta ya taa na spiriti huruka, kwa hiyo vinahitaji kuzibwa kabisa.

Kifungashio kinachofaa ni kopo jipya la bati lenye kifuniko cha kugongelea, la aina inayotumiwa kuwekea rangi, au chupa ya glasi yenye mdomo mpana na kifuniko cha chuma kinachokaza. Nasisitiza jipya, kwa sababu kopo lililowahi kuwa na rangi, au dumu lililobeba mawese, haliwezi kuoshwa likawa safi kwa kiwango cha mtambo unaosoma chembe ndogo mno za mvuke. Mfuko wa kawaida wa nailoni haufai, kwani mvuke wa petroli hupenya taratibu katika plastiki ya aina hiyo na kuhamia hata kwenye vielelezo vilivyo jirani. Mpira wa ndani ya kifuniko cha chupa nao huweza kuliwa na mvuke, hivyo kifuniko kisicho na mpira ni bora zaidi.

Kopo lisijazwe. Achia nafasi ya robo hivi juu, maana katika maabara mchunguzi mara nyingi hulipasha moto kopo likiwa limefungwa na kuvuta hewa iliyokusanyika katika nafasi hiyo. Kama kopo limejaa udongo hadi mdomoni, hana hewa ya kuvuta. Udongo wenyewe uwekwe mahali pa baridi, kwa sababu vijidudu vilivyo ndani yake hula mafuta, na kadiri unavyokaa kwenye joto ndivyo mafuta yanavyopungua hata kama kopo halivuji.

Na usisahau sampuli ya kulinganishia. Chukua udongo au ubao wa aina ileile kutoka sehemu ya duka ambayo haina dalili ya petroli, uufunge katika kopo lake, uandike wazi kwamba ni wa kulinganishia. Mbao, mazulia na plastiki vinapoungua hutoa kemikali zake, na bila sampuli hiyo mchunguzi hana namna ya kutenganisha kilichotoka kwenye ubao na kilichomwagwa.

*Ndugu Mhariri, ninafanya kazi katika hospitali ya wilaya mkoani Kigoma. Tulipokea maiti iliyodhaniwa kunyweshwa sumu ya kuulia wadudu. Mmoja wetu alitaka kutia sampuli zote katika fomalini ili zisioze njiani. Alikuwa sahihi? — Muuguzi*

Hapana, Dada Muuguzi. Fomalini huhifadhi umbo la nyama kwa ajili ya hadubini, lakini huharibu vinasaba na huvuruga utafutaji wa sumu nyingi. Kama daktari anataka vipimo vya aina zote mbili, akate vipande viwili: kimoja katika fomalini kwa ajili ya mtaalamu wa magonjwa, kingine kisichotiwa kitu kwa ajili ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali.

Yaliyomo tumboni, kipande cha ini, mkojo na damu, kila kimoja kiwe katika chupa yake safi isiyovuja. Damu iwekwe katika tyubu yenye kifuniko cha kijivu, ambayo ndani yake mna floraidi. Dawa hiyo huzuia vijidudu visitengeneze wala kula pombe ndani ya damu. Tunza sampuli kwenye friji, takriban nyuzi 4 za Selisiasi, na kwa safari tumia boksi la chanjo lenye vibaridi vilivyogandishwa. Barafu ya vipande huyeyuka, maji yakaingia katika lebo na kuzifuta, nimeona vifurushi vikifika vikielea.

Kopo au chupa inayodhaniwa kuwa ilikuwa na sumu isiwekwe kamwe katika boksi moja na sampuli za mwili. Tone moja likivuja, hakuna atakayejua kama sumu iliyopatikana kwenye ini ilinywewa na marehemu au ilidondoka barabarani.

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa sheria, Tabora. Kwa nini mahakama huacha kielelezo chenye matokeo mazuri ya maabara kwa sababu tu ya lebo na saini? Huku si kushikilia karatasi kuliko haki?*

Marahaba. Mwaka 2007 ilifunguliwa Rufaa ya Jinai Na. 110 katika Mahakama ya Rufani ya Tanzania, na katika uamuzi wake majaji walieleza mnyororo wa utunzaji kuwa ni kumbukumbu za maandishi zinazofuata mpangilio wa wakati, zikionyesha kukamatwa kwa kielelezo, kutunzwa, kudhibitiwa, kuhamishwa, kuchunguzwa na hatima yake. Mantiki yake ni rahisi. Matokeo ya maabara huthibitisha kilichokuwa ndani ya kifurushi kilichofika maabara. Ni lebo na saini pekee zinazounganisha kifurushi hicho na kile kilichookotwa. Baadaye Mahakama hiyohiyo imefafanua kwamba masharti hayo yanaweza kulegezwa kwa vitu visivyobadilishwa kirahisi mikononi mwa watu, lakini unga wa dawa za kulevya, damu na risasi si vitu vya namna hiyo.

Lebo inayotosha hubeba namba ya jalada, namba ya kielelezo, maelezo ya kitu, mahali hasa kilipokutwa, tarehe na saa, pamoja na jina na saini ya aliyekichukua. Iandikwe kwa wino usiofutika. Maneno yake yalingane na yale ya hati ya ukamataji, kwa sababu Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inamtaka ofisa anayekamata kitu atoe stakabadhi iliyosainiwa na mwenye nyumba na mashahidi waliokuwepo, na mara nyingi kesi hulegea pale hati inaposema “panga” na lebo inaposema “kisu kirefu”.

Sehemu ninayoona watu wengi wakijikwaa ni maelezo. Askari huandika “damu ya marehemu” juu ya bahasha, wakati bado hajui kama ni damu, sembuse kuwa ni ya nani. Aandike “doa jekundu lililokauka, linalodhaniwa kuwa damu”. Vivyo hivyo “dhahabu” iwe “madini ya rangi ya njano”, na “bangi” iwe “majani makavu yanayodhaniwa kuwa bangi”. Anayeandika jibu kabla ya uchunguzi anampa wakili nafasi ya kusema kwamba maabara iliambiwa nini cha kuona.

Kuhusu kufunga, utepe wa gundi upite juu ya mdomo wote wa mfuko, kisha saini na tarehe ziandikwe zikivuka kutoka kwenye karatasi hadi juu ya utepe, ili anayeubandua asiweze kuurudisha mistari ikakutana. Lakiri, yaani nta ya kupigia muhuri, nayo bado inafaa. Mchunguzi anapofungua hukata upande mwingine na kuacha muhuri wa kwanza ulivyo, kisha hufunga mkato wake kwa utepe na saini yake.

*Ndugu Mhariri, tunakamata magobole porini Ugalla. Tunayafungaje? — Askari wa wanyamapori*

Kila gobole lihesabiwe kuwa limeshindiliwa hadi mtaalamu wa silaha athibitishe vinginevyo, kwa sababu baruti na goroli ziko chini kabisa ya mtutu na hakuna mahali pa kufungua na kutazama. Fataki iliyo chini ya nyundo iondolewe na mwenye ujuzi, mtutu ukielekezwa pasipo na mtu. Usichomeke kijiti wala kitambaa ndani ya mtutu; funika mdomo wake kwa karatasi na uifunge kwa uzi. Silaha ifungwe kwa kamba ndani ya boksi refu isitikisike, na lebo ining’inizwe kwenye kikingio cha kifyatulio. Goroli na baruti zitakazotolewa zifungwe kila kimoja peke yake, na baruti isipakiwe kwenye basi la abiria.

Kumbuka pia kwamba silaha, alama za vidole na maandishi huchunguzwa na wataalamu wa Jeshi la Polisi, ilhali vinasaba na sumu huenda kwa Mkemia Mkuu. Gobole lenye damu litahitaji meza zote mbili, na barua ya maombi itaje ipi ianze, kwa kawaida ile ya vinasaba.

*Je, ninaweza kufunga bahasha ya kielelezo kwa stepla? Na barua ya vitisho ifungweje? — Karani, Kigoma Mjini*

Stepla usitumie. Pini hutoboa, humchoma mchunguzi kupitia glovu, na huweza kung’olewa na kurudishwa katika matundu yaleyale.

Barua ishikwe pembeni kwa glovu, isikunjwe upya wala kutobolewa na pini ya faili, iwekwe katika bahasha kubwa yenye kadibodi ya kuizuia isipinde. Maelezo yote ya nje ya bahasha yaandikwe kabla barua haijaingia, kwa maana kalamu inayoandika juu yake huacha mikandamizo kwenye karatasi iliyo ndani, na mikandamizo ya mwandishi wa vitisho ndiyo ambayo mtaalamu wa maandishi angetaka kuisoma.