Maswali ya Wasomaji: Bastola Kongwe ya Shabaha

SWALI: Ndugu Mhariri, kuna mzee mstaafu hapa kwetu anayemiliki kihalali bastola ya shabaha aina ya Colt Woodsman, ya risasi za .22, naye yuko tayari kuniuzia. Inasemekana ilitengenezwa kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Miaka yote ameipaka mafuta ya nazi na kuihifadhi ndani ya mkoba wa ngozi. Nikague nini, niitunzeje, na ninunue risasi zipi? Rafiki yangu anashikilia kwamba zenye kasi kubwa ndizo zinazolenga vizuri. — Msomaji, Mikindani.

JIBU: Kabla ya kutoa hata shilingi, anza na kibali. Kwa sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015, leseni ni ya mtu na silaha yake, kwa hiyo bastola haiwezi kuhama kutoka kwa mzee kuja kwako kwa makubaliano ya barazani. Maombi huanzia serikali ya mtaa na kupitia kamati za usalama hadi kwa msajili wa silaha. Mwombe mzee akuoneshe leseni yake, na uhakikishe kwamba namba iliyoandikwa humo ndiyo iliyochongwa kwenye chuma.

Katika ukaguzi, hakikisheni kwanza kwamba haina risasi, kisha angalia mambo mawili kwa makini kuliko mengine. La kwanza ni ukingo wa chemba, pale kitako cha risasi kinapokaa. Risasi ya .22 huwashwa kwa kugongwa pembeni mwa kitako, hivyo mtu akizoea kufyatua bila risasi ndani, pini inaweza kugonga ukingo huo na kuuachia kovu, na ganda likakwama. La pili ni mgongo wa mshikio, chini kidogo ya mahali sehemu ya juu inaporudia. Bastola hii, iliyobuniwa na John Browning na kuanza kuuzwa mwaka 1915, ilitengenezewa risasi za kasi ya kawaida, na ni mwaka 1932 tu ndipo Colt walipobadilisha kipande hicho cha nyuma ili kihimili zile za kasi kubwa. Kipande cha zamani kina nakshi ya vijimraba vilivyokatana, na kile kipya kina mistari ya kulala. Maneno ya “kabla ya vita” hayatoshi, maana yanaingia pande zote mbili za mwaka huo.

Hapo ndipo ninapotofautiana na rafiki yako. Risasi ya kasi ya kawaida, yenye kichwa cha gramu 2.6 hivi, hutoka kwa takriban mita 320 hadi 330 kwa sekunde ikipimwa kwenye bunduki ndefu, na ile ya kasi kubwa hufika mita 370 au zaidi. Karatasi iliyo umbali wa mita 25 hutobolewa na zote mbili bila tofauti yoyote, lakini chuma kinachorudi nyuma kwa nguvu zaidi hugonga fremu kwa nguvu zaidi, na springi iliyochoka haikizuii. Hata ukikuta mistari ya kulala, mimi ningetumia kasi ya kawaida tu, yenye kichwa cha madini ya risasi pekee kilichopakwa nta, na ningebadilisha springi kabla ya mazoezi. Usahihi hautokani na kasi. Kila mtutu una risasi inayoupenda, nawe utaijua kwa kujaribu aina chache kutoka kwenye egemeo imara, katika uwanja ulioidhinishwa, ukilinganisha jinsi matundu yanavyokaribiana.

Kuhusu utunzaji, nasema kwa heshima zote kwa mzee kwamba mafuta ya nazi hayafai. Huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, jambo ambalo kila mwenye chupa yake Mtwara huliona asubuhi za kusi, na yakikaa sana hugeuka ulimbo unaonata. Tumia mafuta mepesi ya silaha; yakikosekana, ya cherehani yatakusitiri. Mkoba wa ngozi nao ubaki wa kubebea tu, kwa sababu ngozi hushika unyevu na mabaki ya dawa za kiwandani, na kwa hewa yetu ya chumvi kutu huanzia hapo hapo. Weka bastola kwenye sanduku la chuma linalofungwa, pamoja na vifuko vya kukausha unyevu. Mtutu usiusugue kila mara kwa brashi ya waya: kitambaa chenye mafuta kinatosha, na ikilazimu kuingiza ufito wa kusafishia kutoka mbele, linda ukingo wa mdomo wa mtutu usichubuke.

SWALI: Je, risasi za zamani zinazokuja na silaha kama hiyo zinaweza kutumika? — Msomaji, Lindi mjini.

JIBU: Hapana. Maganda yenye ukungu wa kijani yanaweza kupasuka, na nyingi za kabla ya miaka ya 1930 zina viwashio vinavyoacha chumvi ya kula mtutu. Zikabidhi polisi. Na hata risasi mpya ikigoma kulia, endelea kuelekeza bastola kwenye shabaha kwa nusu dakika nzima kabla ya kuitoa.