Kipupwe kikija na joto, usilee kuku kwa kalenda

Mfugaji wa kuku wa nyama Dar ana hesabu yake ya mwaka, na hesabu hiyo humwambia kwamba Juni hadi Agosti ni miezi ya neema. Upepo wa kusi unavuma, usiku unashuka hadi nyuzi 18 au 19, kuku wanakula vizuri na uzito unakuja wenyewe. Ndiyo maana wengi huongeza vifaranga msimu huu. Aliyekuwa anaingiza 300 anaingiza 500 katika banda lilelile, anashusha maturubai mapema, ananunua gunia la mkaa la akiba. Kisha unakuja mwaka ambao kipupwe kinagoma. Kusi inalegea, wingu linatanda usiku na kulizuia joto la mchana lisitoroke kwenda juu, alfajiri kipimajoto bado kinasoma 23, na saa nane mchana kinagusa 31 au 32. Mtaani watu wanasema "mbona Julai hii kama Februari" na maisha yanaendelea. Bandani mambo ni mengine.

Nyuzi 32 za Julai ni hatari kuliko nyuzi 32 za Februari. Kuku wa Februari amekulia ndani ya joto, mwili wake umeshazoea, anakula kwa kiasi na kunywa sana. Kuku wa Julai amelelewa na usiku wa baridi, amejaa chakula, amevaa manyoya mazito, halafu joto linamwangukia kwa siku moja. Mwili wa kuku unahitaji kama siku tano hadi saba kuzoea joto jipya. Hana siku hizo, na mfugaji naye hajajiandaa.

Ongeza na jambo hili: kuku hatoki jasho. Joto likimzidi, anafungua mdomo na kuhema, maji yanakauka kwenye njia yake ya hewa na kuondoka na joto. Njia hiyo inataka hewa kavu kiasi, na sisi tuko pwani. Usiku wa Dar hewa imejaa unyevu, kwa hiyo kuku anahema na hapoi. Tena kila kuku wa kilo mbili ni jiko dogo, anatoa joto la zaidi ya wati 10 mchana na usiku. Kuku 500 wa namna hiyo ni sawa na kuacha pasi tano zimewaka bandani usiku kucha, na maturubai umeyashusha mpaka chini.

Tuanze na vifaranga, maana hapo ndipo hasara huanza bila kuonekana. Kifaranga wa siku ya kwanza anataka nyuzi 32 hadi 34, zikipimwa sentimita tano juu ya maranda, pale alipo yeye. Kipimajoto kilichotundikwa ukutani usawa wa kichwa cha mtu kinakupa habari za mtu. Baada ya hapo unashusha kama nyuzi tatu kila wiki, hivyo mwisho wa wiki ya tatu banda linatakiwa kuwa na 24 hadi 26. Sasa piga hesabu. Kama nje alfajiri ni 23 badala ya 18, kifaranga wa wiki ya tatu hahitaji mkaa hata kidogo, na wa wiki ya pili anahitaji kidogo tu, usiku. Lakini kwa mazoea ya kipupwe majiko mawili yanawaka mpaka asubuhi.

Ingia bandani saa nne usiku, na tena saa kumi alfajiri. Tumia tochi hafifu, simama kimya dakika mbili bila kugusa kitu. Wakirundikana chini ya jiko au balbu na kulia kwa sauti kali, wana baridi. Wakijikusanya upande mmoja, kuna upepo unaowapiga kutoka upande wa pili. Wakitawanyika duara zima, yaani uzio wa mviringo wanamolelewa, wengine wamelala, wengine wanakula, waache. Wale wa joto unawakuta wamejipanga ukingoni mwa duara kama watu waliokimbilia kivuli, mabawa yameachana na mwili, midomo wazi, kimya. Ukimya huo wengi wanaufasiri kuwa ni utulivu. Mshike mmoja uangalie miguu. Ikiwa ngozi imekauka na kufifia na mshipa umejitokeza kama uzi, kifaranga amepungukiwa maji. Nyuma kinyesi kinaanza kuganda. Baada ya wiki mbili kundi hilohilo litakuwa na wakubwa, wa kati na vidude visivyokua, na lawama zote zitakwenda kwa chakula au kwa aliyeuza vifaranga.

Dawa yake ni rahisi. Balbu iinue sentimita kumi, subiri nusu saa, angalia tena. Duara litanue kuanzia siku ya tatu. Vifaranga 500 huanza na duara la upana wa mita tatu na nusu hivi, na katika kipupwe cha joto unaweza kuliondoa kabisa siku ya saba. Jiko la mkaa litumie kwa saa za alfajiri tu, na kamwe usiliwashe banda likiwa limefungwa pande zote. Hewa ya mkaa haina rangi wala harufu, inaua vifaranga, na inamuua pia kijana anayelala humo kuwalinda. Acha uwazi juu, hata usiku wa baridi kweli.

Hapo ndipo ninapogombana na maturubai yetu. Mabanda mengi ya uani, Goba hadi Chanika, turubai limepigiliwa misumari juu kwenye mtambaapanya na linakunjwa kutoka chini. Ukitaka hewa kidogo usiku unakunja sehemu ya chini, upepo unampiga kuku moja kwa moja, na hewa ya moto yenye harufu kali ya kinyesi inabaki imekwama chini ya bati. Hayo ni makosa mawili kwa kamba moja. Ligeuze. Pigilia chini, kwenye ukuta mfupi wa tofali, na juu pitisha bomba jembamba au mti ulionyooka, uufunge kamba inayopita kwenye kapi mbili. Turubai sasa linashuka kutoka juu. Usiku wa kawaida wa kipupwe acha sentimita 30 wazi juu, pande zote mbili za banda. Usiku wa joto shusha hadi nusu. Kuku wakitimiza wiki tatu na alfajiri haijashuka chini ya 22, shusha lote na uliache chini. Kazi ya fundi ni ya siku moja, na kati ya yote ninayoyaandika hapa hii ndiyo inayolipa haraka zaidi. Kumbuka pia kwamba kusi inatoka kusini na kusini-mashariki. Ukirundika magunia ya maranda au kuni upande huo, umejinyima feni ya bure.

Idadi. Banda la mita 5 kwa 8 ni mita za mraba 40. Kipupwe cha kawaida linabeba kuku 400, na wenye banda lenye hewa nzuri hufika 480. Joto likikaa, kuku wanane hadi tisa kwa mita ya mraba inatosha, yaani 320 hadi 360. Kama umeshazidisha, usisubiri wiki ya sita. Anza kutoa walio wakubwa wakiwa na wiki nne na nusu, hata kwa bei ya chini kidogo, kwa sababu joto huanza kuua wale wazito zaidi, waliokula chakula chako kingi kuliko wote.

Chakula nacho kinaongeza joto mwilini, na joto hilo hufika kileleni saa tatu hadi tano baada ya kula. Kuku aliyekula saa nne asubuhi anapambana na moto wa ndani saa nane mchana, wakati ambao na jua liko juu. Kwa hiyo kuanzia wiki ya nne, siku ambayo saa tatu asubuhi kipimajoto tayari kinasoma 28, nyanyua vyombo vya chakula saa nne na uvirudishe saa kumi jioni. Fidia kwa kuwasha taa na kuwapa chakula kuanzia saa kumi alfajiri. Ukivirudisha jioni viwe vingi na uvirudishe vyote kwa pamoja, la sivyo watakanyagana, na kuku aliyechoka kwa joto akikanyagwa hainuki. Usinyanyue chakula wakati wameshaanza kuhema, hapo umechelewa na pilikapilika zako zinawaongezea joto. Wape maji, fungua banda, kaa mbali.

Maji yasikatike kabisa. Kuku 100 wa wiki ya nne hunywa lita 20 hadi 25 kwa siku ya kawaida. Siku ya joto wanaweza kufika 40. Hesabu hiyo inaangusha wengi kwenye mitaa yenye mgao wa maji, maana akiba ya pipa moja iliyokuwa inatosha siku mbili sasa inaisha jioni. Tena simtanki jeusi likipigwa jua linatoa maji ya kuogea mtoto, na kuku akikuta maji ya moto anaonja na kuondoka. Lijengee kivuli cha makuti, fukia bomba chini ya udongo, mwaga maji yaliyolala bombani kila siku saa sita na saa nane mchana. Vipande vya barafu kwenye vyombo vya maji vinasaidia sana kwa kundi dogo. Dawa ya elektrolaiti, yaani chumvichumvi za mwili, changanya kwa kipimo cha pakiti, asubuhi kabla joto halijapanda, na maji matupu yafuate.

Chanjo za magonjwa ya kideri na Gumboro zinazopitia kwenye maji zinaharibika kirahisi siku kama hizi. Ni chanjo hai, joto linaiua, na klorini ya maji ya bomba inaiua pia. Ibebe kutoka dukani kwenye kibeba baridi chenye barafu, siyo mfukoni kwenye bodaboda. Weka maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu mbili na nusu kwa kila lita, koroga, subiri robo saa, ndipo utie chanjo. Fanya saa kumi na mbili asubuhi, iishe ndani ya saa mbili. Wale wanaowanyima kuku maji kwanza ili wawe na kiu, katika joto saa moja inatosha.

Bati lipake chokaa: kilo 10 za chokaa kwenye lita 20 za maji, pamoja na lita moja ya gundi nyeupe ya mbao ili isioshwe na manyunyu ya kwanza. Paka upande wa jua la mchana kwanza. Feni inafaa kwa kuku waliokwisha kuota manyoya. Iweke usawa wa kuku, ipulize kuelekea upande uleule kusi inakoelekea. Ila kunyunyiza maji bandani kuna masharti. Mchana, hewa ikiwa inatembea, mnyunyizo mwembamba unapoza. Usiku, au banda likiwa limetulia, unazidisha unyevu ule uleule unaomzuia kuku kupoa, na maranda yanalowa. Maranda yaliyolowa katika joto ndiyo mwaliko wa kuhara damu. Ukifinyanga maranda kwa mkono yakashikana kama donge, toa sehemu hiyo leo.

Kuku wakianza kufa, soma vifo kabla hujakimbilia duka la dawa. Kifo cha joto huja kati ya alasiri na usiku wa mapema, huanza na wale wakubwa wenye afya, unamkuta amelala kifudifudi shingo imenyooka au chali, gole (kifuko cha chakula chini ya shingo) limejaa, na ukimpasua nyama ya kidari ina weupe kama imechemshwa. Banda likipoa, vifo vinasimama usiku huohuo. Kideri hakisubiri alasiri: utaona kinyesi cha kijani, shingo kupinda, kuku wamezubaa tangu asubuhi, na kesho wanakufa wengi kuliko leo. Huyo ni wa kupelekwa kwa daktari wa mifugo haraka. Kuwapa antibayotiki kuku waliouawa na joto ni kutupa fedha, na mabaki yake yanaishia kwenye sahani ya mlaji.

Kabla ya kuagiza vifaranga vya Juni, soma mwelekeo wa kipupwe unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, na zaidi ya hapo angalia usiku. Ukisoma kipimajoto chako alfajiri tatu mfululizo na hakijashuka chini ya 22, acha mpango wa kipupwe, shika wa kiangazi.

Na siku ya kuuza, kamata kuku saa tisa usiku, baada ya kuwanyima chakula kwa saa sita hivi lakini maji yawepo mpaka dakika ya kukamata. Kreti iliyokuwa inabeba 12 ibebe wanane au tisa, na kati ya safu za kreti acha nafasi ya kiganja ipitishe hewa. Gari liondoke moja kwa moja baada ya kupakia. Kuku waliopakiwa saa kumi na moja alfajiri na kukutwa na jua kwenye foleni ya Barabara ya Mandela huanza kufa safu ya katikati, ambayo dereva haioni mpaka afike sokoni Shekilango.