Kibao cha shaba kimeng'olewa magofuni: tuweke kipi?

SWALI: Assalamu alaykum. Kijijini kwetu, njia ya Pangani, kuna magofu ya mji wa kale, msikiti na makaburi. Kibao cha shaba kilichoeleza habari zake kimeng'olewa usiku. Imebaki nguzo ya zege na bolti nne zilizopinda. Kamati imechanga fedha, na fundi yuko tayari kutengeneza kingine cha shaba. Anapendekeza akipachike kwenye ukuta wa msikiti, huko ndiko wageni wanakopita. Mnashaurije?
Katibu wa kamati, Tanga

JIBU: Waalaykumu salaam, Katibu. Shaba acheni, na ukuta msiuguse.

Kibao cha shaba huibwa kwa uzito wake. Kule California, kwenye miji iliyohamwa na wachimba dhahabu waliofurika baada ya 1848, vibao vya shaba navyo hung'olewa vikauzwe kwa kilo. Alumini ina soko hilohilo. Wekeni kitu ambacho mnunuzi wa chuma chakavu hana haja nacho: bamba la graniti lililochongwa maandishi. Mafundi wa mawe ya makaburi wanaiweza kazi hiyo.

Kuhusu ukuta, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Kulitoboa jengo la aina hiyo bila kibali ni kosa, achilia mbali madhara yenyewe: jiwe la matumbawe na chokaa yake ni laini, na bolti ya chuma ikishika kutu kwa upepo wa bahari huvimba na kuupasua ukuta. Barua ya kuomba kibali cha kuweka kibao ianzie kwa mtendaji wa kijiji, ipitie kwa afisa utamaduni wa wilaya, ifike Idara ya Malikale. Ambatisheni maandishi mapya na mchoro wa mahali. Itumieni nguzo ya zamani ili msichimbe msingi mpya. Chini ya majani pale huenda kuna kaburi lisiloonekana.

Bolti za zamani zikatwe kwa grainda hadi sentimeta 2 ndani ya zege, kisha mashimo yazibwe. Juu ya nguzo mwageni kichwa kipya cha zege chenye upana wa sentimeta 60 na kina cha 50, mbele kimo 20 na nyuma 40, ili maji ya mvua yateremke na msomaji asome bila kuinama. Kishikizwe kwa nondo 4 za milimeta 12, zilizozama sentimeta 15 ndani ya nguzo. Nondo zisikaribie uso wa zege chini ya sentimeta 5, la sivyo chumvi itazifikia.

Zege lipimwe kwa ndoo: saruji 1, mchanga 2, kokoto 4, na maji yasizidi robo tatu ya ndoo. Mfuko mmoja wa saruji unatosha na kubaki. Hapa ndipo kazi nyingi za pwani zinapoharibikia: mchanga unazolewa ufukweni kwa kuwa ni wa bure, na maji yanatekwa kisima cha chumvi. Baada ya misimu michache nondo zinaoza na zege linabanduka. Nunueni mchanga wa mto. Zege lifunikwe kwa magunia na kumwagiliwa siku 7.

Bamba liwe la sentimeta 50 kwa 40, unene 3; uzito wake ni kama kilo 16. Kwenye zege acheni kitanda cha sentimeta 51 kwa 41, kina 3, ili uso wa jiwe ulingane na wa zege na mtaimbo ukose pa kuingia. Mgongoni mwa jiwe fundi atoboe mashimo 4 yasiyotokeza mbele, kina milimeta 15, na pini za stenlesi ya 316 (chuma kisichoshika kutu kirahisi) zenye unene wa milimeta 8 zigandishwe kwa gundi ya epoksi. Mashimo yapulizwe kabisa kwanza. Vumbi likibaki, epoksi hushika vumbi badala ya jiwe, na kibao kinatoka kwa mkono. Mwanya wa pembeni ujazwe silikoni, si saruji, kwa sababu jiwe na zege havitanuki sawa juani.

Herufi za milimeta 20 zinatosha, zichongwe kina cha milimeta 3. Kwa ukubwa huo mna nafasi ya maneno 40 hadi 45 tu, kwa hiyo majina ya wafadhili yatafutiwe pengine. Tafuteni picha ya kibao cha zamani kwa wageni na walimu, lakini msinakili makosa yake. Chini kabisa andikeni mwaka wa kibao cha kwanza na wa hiki. Kabla fundi hajagusa jiwe, watu wawili wasiokuwa kwenye kamati wayasome maandishi kwenye karatasi. Kosa la graniti halifutiki.

SWALI: Kibao chetu kimepatikana kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, kimekatwa vipande viwili. Tukichomelee na kukirudisha?
Msomaji, Bagamoyo

JIBU: Kwanza polisi, mpate namba ya RB (ya taarifa yenu katika daftari la polisi), iandikwe pamoja na vipimo na picha ya kila kipande; kibao hicho ni kielelezo mpaka kesi iishe. Msikichomelee, kwani moto utayaharibu maandishi ya kando ya mkato. Msikisugue kwa ndimu na mchanga pia, rangi ile ya kahawia ndiyo inayokinga shaba. Mkisharudishiwa, kioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kikauke vizuri, kipakwe nta, kihifadhiwe ndani ya ofisi au makumbusho. Nje pakae nakala ya jiwe.