Tumpeco ya juisi kila siku: kinachonenepesha ni nini?

Swali la kama juisi ya kila siku inanenepesha halijibiki mpaka tujue mambo mawili: chombo kina ujazo gani, na ndani mmetiwa sukari kiasi gani. Uganda wengi hunywa kwa tumpeco, kile kikombe cha plastiki cha nusu lita. Vipimo vya wataalamu wa lishe vinahesabu glasi ya mililita 150 au 250. Kwa hiyo mtu husema anakunywa "kikombe kimoja tu", kumbe amekunywa viwili au vitatu.

Chukua juisi ya pasheni, maana ndiyo inayotengenezwa sana majumbani. Kilo moja ya pasheni hutoa takriban mililita 300 hadi 400 za maji ya tunda. Yanaongezwa maji mpaka zipatikane lita 2, kisha inatiwa robo kilo ya sukari, na wapo wanaozidisha hapo. Gawa kwa tumpeco nne: kila moja imebeba gramu 62 za sukari ya dukani, sawa na vijiko 15 vya chai vilivyosawazishwa. Tunda lenyewe linaongeza gramu 10 hivi. Jumla ni karibu kalori 280, inakaribia chapati moja, na bado hujala chakula.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unataka sukari huru (kama ile unayoongeza mwenyewe) isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtu anayehitaji kalori 2,000, hiyo ni gramu 50, na ikiwezekana ashuke hadi 25. Tumpeco yetu moja imeshapita. Wengi hawajui pia kwamba sukari ya asili iliyomo kwenye juisi inahesabiwa kuwa sukari huru, hata usipoongeza chembe. Ile iliyo ndani ya tunda zima haihesabiwi.

Tofauti hiyo si ya kwenye karatasi tu. Chungwa moja la wastani lina kalori kama 60, sukari gramu 12 na nyuzinyuzi gramu 3. Glasi ya mililita 250 ya machungwa matupu inakula machungwa matatu au manne, ina kalori kama 110 na nyuzinyuzi karibu hakuna, zimebaki kwenye chujio. Jaribu kukaa chini utafune machungwa manne ya Teso, mashariki mwa Uganda, mfululizo. Taya zitachoka kabla ya tumbo. Glasi yake inaisha kwa dakika moja. Mwaka 1977 watafiti wa Bristol, Uingereza, walichapisha katika jarida la Lancet jaribio la matofaa: juisi ilinywewa kwa kasi mara 11 kuliko tofaa zima lilivyoliwa, ilishibisha kidogo, na insulini ilipanda zaidi.

Kwenye uzito shida iko hapo hapo kwenye shibe. Aliyekunywa juisi saa sita hapunguzi posho (ugali) na maharage kwa sababu hiyo, kalori zinapanda juu ya zile za sahani. Glasi ya kalori 110 iliyoongezwa kila siku ni zaidi ya kalori 40,000 kwa mwaka. Kwa hesabu kavu hizo ni kilo 5, ingawa mwili hujirekebisha na ongezeko halisi huwa dogo kuliko hapo. Anayepunguza chakula kingine kwa kiasi hicho hanenepi. Tatizo ni kwamba wachache wanapunguza.

Je, basi ni afadhali soda? Hapana. Soda ya nusu lita ina gramu 53 hivi za sukari na haina vitamini C wala potasiamu. Lakini juisi ya pasheni yenye robo kilo ya sukari tuliyoihesabu inaishinda soda kwa sukari, hilo tulikubali.

Kupunguza sukari kunafanyika kwa ngazi, si kwa siku moja, la sivyo watoto wataikataa. Kwa lita 2, shuka kutoka gramu 250 hadi 200 wiki ya kwanza, 150 wiki ya pili, kisha 100, na ukae hapo mpaka ulimi uzoee. Chagua pasheni zilizokunjamana ganda, ndizo tamu. Zile laini zinazong'aa bado ni chachu na zitakudai sukari. Embe moja bivu au vipande vya nanasi vinaweza kuchukua nafasi ya vijiko kadhaa. Ukitumia blenda, bonyeza kwa sekunde chache tu, kwa sababu mbegu zikisagika juisi inakuwa chungu na watu hukimbilia kuongeza sukari kuficha uchungu. Pia onja ikiwa baridi kama itakavyonywewa: ubaridi hupunguza utamu mdomoni, ndiyo maana juisi ya barafu hutiwa sukari nyingi bila mtu kushtuka.

Embe na nanasi usizichuje kabisa, zinywe nzito. Munanansi, kinywaji cha maganda ya nanasi, ni nzuri kwa tangawizi yake, ila sukari yake yote inatoka kwa mkono wa mpishi. Juisi ya miwa haihitaji kuongezwa kitu. Yenyewe tayari ni maji ya sukari. Ya pakiti, geuza nyuma usome sukari kwa kila mililita 100, na picha ya embe mbele isikudanganye.

Kwa mtu mzima mwenye afya, mililita 150 kwa siku bila sukari, pamoja na chakula, zinatosha. Ukiinywa na maharage au dodo (mchicha), vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma, jambo ambalo chai ya rangi hulizuia. Usiinywe kidogo kidogo mchana kutwa, asidi inalainisha meno. Na baada ya kunywa subiri nusu saa kabla ya kupiga mswaki. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa, na wa mwaka 1 hadi 3 asizidi mililita 120.

Mwenye kisukari aiweke juisi kama dawa ya dharura: sukari ya damu ikishuka chini ya 4 (mmol/L), anywe mililita 150, asubiri dakika 15, apime tena. Mwenye figo zilizochoka aulize kwanza, kwa ajili ya potasiamu. Anayemeza simvastatin (dawa ya kolesteroli) au nifedipine (dawa ya presha) aachane na balungi, kwa kuwa huzuia kimeng'enya kinachovunja dawa hizo na dawa hujazana mwilini.

Ya kaveera (mfuko wa plastiki) barabarani ina swali moja zaidi: maji yalichemshwa? Na barafu je? Muuzaji akisitasita, mwombe kipande cha nanasi ambalo halijamenywa, akimenye mbele yako.