Muulize Mwalimu: C ya Baba

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Baba yetu alifariki mwaka jana. Sandukuni mwake tumekuta cheti cha ualimu cha mwaka 1979, Daraja la III C. Kaka zangu wanasema baba alipata C. Mama anasema alikuwa "mwalimu wa UPE" na mshahara wake ulikuwa wa kulia. Alisomea nini hasa, na alilipwaje?
Binti wa mwalimu, Njombe

JIBU: Marahaba binti yangu, na poleni sana. Waambie kaka zako ile C si maksi. Ni daraja la kuingilia kazini. Aliyemaliza kidato cha nne akapita chuo alikuwa III A. Wa darasa la saba alikuwa III C. III B mara nyingi alikuwa C aliyepandishwa. Baba yako angepata hata mia kwa mia, cheti kingesoma C vilevile.

UPE ndiyo Elimu ya Msingi kwa Wote. Novemba 1974 TANU ilikaa Musoma ikaamua watoto wote wawe shuleni ifikapo 1977. Vyuo visingetosha kutoa walimu wa idadi hiyo kwa miaka mitatu, basi wakachukuliwa vijana wa darasa la saba hukohuko vijijini. Nami nilikuwemo, kule Makete. Asubuhi nashika chaki mbele ya darasa la kwanza, na humo yumo mdogo wangu wa tumbo moja, aliyekataa katakata kuniita mwalimu. Mchana nageuka mwanafunzi: masomo ya posta, vipindi vya redio, na mratibu anakuja na baiskeli kukagua andalio la somo. Mwishoni kabisa ndipo tukapelekwa chuoni wiki chache. Watu waliifasiri UPE "Ualimu Pasipo Elimu". Iliuma, hasa ikisemwa na mzazi ambaye mwanawe nimemfundisha kusoma mimi.

Mshahara nao ulifuata cheti. A na C tulibanana na watoto wengi sawasawa, ila hati za mshahara hazikufanana. C hakuwa mbali na kima cha chini, kilichokuwa shilingi 380 kwa mwezi tangu 1975, kikawa 480 mwaka 1980, na 600 mwaka 1981. Kwa namba utadhani tulikuwa tunapanda! Duka la kijiji halikuwa na sukari wala sabuni, na ya magendo bei yake huiulizi kwa sauti. Hela yenyewe tuliifuata wilayani kwa miguu. Unafika, unaambiwa fungu halijaja. Mama yako hajaongeza chumvi. Mimi nililishwa na nusu eka ya viazi.

Hebu pekueni tena sanduku hilo. Wengi wetu baadaye tulirudi kusoma, tukakaa chumba kimoja cha mtihani wa kidato cha nne na watoto tuliowafundisha, tukapanda hadi III A. Kama baba yenu alikuwa mmoja wao, huenda kuna cheti cha pili humo.