Ukitaka kuwa mwanaakiolojia, anza na penseli

Vijana wanaoniuliza kuhusu kazi hii hutaka kujua habari za kuchimba. Mimi huwauliza kama wanapenda kuandika. Kuchimba ni kuharibu: tabaka la udongo ukishaliondoa halirudi tena, na kinachobaki ni ulichoandika, ulichochora na ulichopiga picha.

Chukua shimo la nguzo ya nyumba ya kale. Nguzo ilishaoza, unachokiona ni duara la udongo mweusi ndani ya udongo mwekundu, upana wa kiganja. Jua likiukausha udongo, duara linafifia. Ndiyo maana tunanyunyiza maji, tunakwangua kwa mwiko mdogo kama wa mwashi huku tukirudi kinyumenyume tusikanyage palipokwisha safishwa, kisha tunalinganisha rangi na chati ya Munsell, yaani kitabu cha vipande vya rangi za udongo. Tunachimba nusu kwanza, tunachora mkato, yaani ukuta wa udongo uliobaki wima, ndipo tunamalizia nusu ya pili. Kipande cha mkaa kikitokea humo, kichukue kwa ncha ya mwiko safi, si kwa vidole, ukifunge kwenye karatasi ya alumini na kukipa namba papo hapo. Kipimo cha kaboni 14, kilichobuniwa na Willard Libby na wenzake miaka ya 1940, husoma umri wa mabaki ya viumbe, kama mkaa, hadi miaka 50,000 hivi. Lakini hakiwezi kukuambia mkaa ulitoka tabaka gani.

Kuhusu ajira, usitegemee vyuo vikuu peke yake. Katika nchi nyingi sheria inadai eneo likaguliwe kama lina mabaki ya kale kabla ya barabara au bwawa kujengwa, na huko ndiko wengi wetu tunakopata riziki. Mikataba ni mifupi, na mitambo ya mkandarasi inakusubiri. Kwa hiyo tafuta ujuzi wa pili mapema: mifupa ya wanyama, mbegu zilizoungua, au ramani za kompyuta. Ningekushauri ramani, maana hakuna timu isiyozihitaji.

Subira nayo ni sehemu ya kazi. Mwanaakiolojia Mary Leakey alifika Olduvai, Tanzania, mara ya kwanza mwaka 1935. Fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, alilipata mwaka 1959. Kabla ya hapo yeye na mumewe Louis walikuwa wakikusanya na kuchambua zaidi zana za mawe, na kazi hiyo ina thamani yake kamili.

Kabla hujajiunga na msimu wa mafunzo, uliza mambo mawili: vitu vitakavyopatikana vitahifadhiwa wapi, na ripoti itaandikwa na nani. Wasipokuwa na jibu, tafuta timu nyingine.